Siku 90 za kukata rufaa ya madai huhesabiwa kuanzia lini?

*"Shikamoo wakili. Niko Tanga. Nilimfungulia kesi ya madai mfanyabiashara aliyechukua mahindi yangu kwa mkataba na hakumaliza kulipa. Mahakama ya Wilaya ilisoma hukumu Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2025 na nikashindwa. Tarehe 24 Oktoba nilipeleka barua ya kuomba nakala ya hukumu na dikrii, ikagongwa muhuri. Karani alinipigia simu tarehe 12 Desemba kwamba nakala ziko tayari, lakini nilikuwa na msiba na baadaye sikukuu, nikaenda kuzichukua Jumatatu tarehe 5 Januari 2026. Sasa kila mtu ana hesabu yake. Mjomba anasema siku za rufaa ni 30, kwa hiyo nimeshachelewa. Shemeji yangu wa Mombasa anasema siku za Krismasi na mwaka mpya hazihesabiwi mahakamani. Mimi nimehesabu siku 90 tangu siku niliyozishika nakala mkononi, nikafika tarehe 5 Aprili, ambayo ni Jumapili ya Pasaka, Jumatatu yake sikukuu, Jumanne yake siku ya Karume, basi nimepanga kupeleka rufaa Jumatano tarehe 8 Aprili. Leo ni tarehe 10 Februari. Je, niko salama?"*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa msiba.

Nikujibu kwanza kile kinachokunyima usingizi: hujachelewa, ila tarehe 8 Aprili siyo tarehe yako. Ukisubiri hadi siku hiyo, upo uwezekano mkubwa wa rufaa yako kutupwa kabla jaji wa Mahakama Kuu hajasoma hata sababu moja kati ya ulizoandika. Kwa hesabu ninayoiona kuwa salama, siku yako ya mwisho ni Alhamisi tarehe 5 Machi 2026, na ningependa uwe umeshawasilisha na kulipia wiki moja nzima kabla yake. Nitakueleza nilivyoipata, kwa sababu hesabu hii ni jambo ambalo mtu asiye mwanasheria anaweza kulielewa vizuri kabisa, mradi aambiwe kanuni zake kwa utaratibu. Nataraji hapa kwamba shauri lako ni la Tanzania Bara, maana Zanzibar ina sheria zake na mahakama zake.

Nianze na mjomba. Hakudanganya, siku 30 zipo, ila siyo kwa njia uliyopita wewe. Kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo hukatiwa rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na ikitoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine. Vilevile, anayetaka kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani hutakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30. Rufaa ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia hapo barazani, ni siku 45. Kesi yako ilianzia Mahakama ya Wilaya chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, na sheria hiyo yenyewe haikutaja muda wa rufaa ya namna yako, ya kwenda Mahakama Kuu. Pale iliponyamaza, jedwali la Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, linajaza pengo kwa kutoa siku 90. Ndiyo maana swali la kwanza la wakili yeyote makini huwa ni kesi ilianzia wapi, hata kabla ya kuuliza hukumu ilisomwa lini.

Angalia pia kwamba sheria imesema siku 90, haikusema miezi mitatu. Wengi hudhani ni kitu kimoja na hapo ndipo wanapojikwaa. Miezi mitatu kutoka tarehe 17 Oktoba ingekufikisha tarehe 17 Januari, lakini siku 90 zinaishia tarehe 15 Januari. Tofauti ni siku mbili tu, na siku mbili zinatosha kabisa kuizika rufaa.

Tuhesabu sasa. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ukomo kinasema siku ambayo tukio limetokea haihesabiwi. Ni kama mwezi wa Ramadhani: jioni mwezi unapoandama hatusemi tumeshafunga siku moja, saumu ya kwanza ni ya kesho yake. Kwa hiyo tarehe 17 Oktoba inaachwa, na siku ya kwanza ni tarehe 18. Kutoka hapo hadi mwisho wa Oktoba ni siku 14; ongeza 30 za Novemba unapata 44; ongeza 31 za Desemba unapata 75; zilizobaki 15 zinamalizikia tarehe 15 Januari 2026. Hiyo ndiyo ingekuwa siku yako ya mwisho kama usingeomba nakala yoyote. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zilizomo katikati zimehesabiwa, maana siku 90 ni siku 90 za kalenda. Nasisitiza pia kwamba tukio lenyewe ni kusomwa kwa hukumu. Mtu ambaye hakuwepo mahakamani siku hiyo, au aliyesikia baada ya wiki tatu, siku zake zimeanza kuhesabika siku hiyohiyo. Kutokuwa na taarifa kunaweza kuwa sababu ya kuomba kuongezewa muda, lakini hakusogezi mwanzo wa hesabu.

Kwa kuwa leo ni Februari, kinachokuokoa ni barua yako ya tarehe 24 Oktoba. Kifungu hichohicho kinaelekeza kwamba katika kuhesabu muda wa rufaa, ule muda uliohitajika kupata nakala ya hukumu na dikrii unatolewa. Sababu yake ni ya haki tupu: katika njia yako ya rufaa, hati ya sababu za rufaa lazima iambatane na nakala ya dikrii, yaani ile hati fupi inayobeba amri ya mwisho ya mahakama, pamoja na nakala ya hukumu yenyewe. Sheria haiwezi kukutaka uambatishe karatasi ambayo mahakama bado inaichapa, halafu ikuadhibu kwa kuisubiri. Ila nafuu hii ina mipaka miwili ambayo hesabu yako imeiruka.

Mpaka wa kwanza ni mwanzo wake. Muda unaotolewa unaanza ulipoomba nakala, siyo ilipotoka hukumu. Kuanzia tarehe 18 hadi 24 Oktoba ulikuwa hujaomba au ndiyo kwanza unaomba, hivyo siku hizo saba umezitumia. Wapo watakaokuambia siku ya barua nayo itolewe, na pengine wana hoja, lakini mimi sioni faida ya kugombania siku moja ambayo huihitaji.

Mpaka wa pili ndio wenye hatari kwako. Sheria inazungumzia muda *uliohitajika* kupata nakala. Nakala zilikuwa tayari tarehe 12 Desemba, na karani alikupigia simu. Siku zilizopita kati ya hapo na tarehe 5 Januari hazikuwa za mahakama kuandaa nakala; zilikuwa zako, hata kama zilijaa msiba na shughuli za kifamilia ambazo kila mwenye utu anazielewa. Ukihesabu kuanzia siku uliyozishika mkononi, unamwambia jaji kwamba mdaawa, yaani mwenye shauri, anaweza kuziacha nakala masijala mwaka mzima na rufaa yake ikabaki hai, na hoja hiyo haiwezi kusimama.

Basi hesabu salama ni hii. Umetumia siku saba kabla ya hesabu kusimama. Kuanzia tarehe 25 Oktoba hadi 12 Desemba, ambazo ni siku 49, zinatolewa. Siku zinaendelea tena tarehe 13 Desemba ukiwa na siku 83 mkononi: 19 za Desemba, 31 za Januari, 28 za Februari, jumla 78, na tano za Machi. Umefika tarehe 5 Machi. Unaweza kujihakikishia kwa njia nyingine, kwa kuchukua ile tarehe 15 Januari na kuisogeza mbele siku 49; utatua palepale. Mimi huhesabu kila mara kwa njia zote mbili, kwa vidole na kalenda ya ukutani, na hesabu zikigongana najua kuna mahali nimeruka.

Utakutana na mtu atakayekuambia kwamba siku zote 90 zinaanza upya nakala zinapokuwa tayari, kwa hiyo una hadi tarehe 12 Machi. Nimeisikia hoja hiyo kwa mawakili wenye heshima zao. Ninachokushauri ni kwamba penye hesabu mbili, ufuate ile fupi, kwa sababu aliyewahi hana haja ya kubishana na mtu yeyote.

Jambo jingine linalowatisha watu bure ni cheti cha Msajili kinachothibitisha siku zilizotumika kuandaa nakala. Cheti hicho ni cha rufaa za kwenda Mahakama ya Rufani, ambako kanuni zake za mwaka 2009 zinakitaka, tena kwa masharti kwamba nakala ziwe zimeombwa kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi na barua hiyo apewe pia upande wa pili. Kwa rufaa yako ya Mahakama Kuu hakihitajiki. Kwa muda mrefu palikuwa na mabishano kama mtu wa hali yako alazimike kwanza kuomba kuongezewa muda, na Mahakama ya Rufani ilieleza mwaka 2021 kwamba siku za kusubiri nakala zinatoka zenyewe, ilimradi tarehe muhimu zionekane kwenye kumbukumbu za mahakama. Neno la kushika hapo ni *kumbukumbu*. Nakala yako ya barua yenye muhuri wa tarehe 24 Oktoba ina thamani kubwa, iambatishe kwenye rufaa. Tazama nyuma ya nakala ya hukumu na dikrii uone tarehe zilipothibitishwa kuwa nakala halisi. Kama haisomeki au haipo, rudi masijala uombe ithibitishwe kwa maandishi kwamba zilikuwa tayari tarehe 12 Desemba. Simu ya karani haiachi alama kwenye jalada. Na ukiwa hapohapo kaunta, hakikisha dikrii ina tarehe ileile ya hukumu, yaani 17 Oktoba 2025, kwa sababu sheria inataka zilingane, na dikrii iliyoandikwa tarehe ya siku ilipochapwa ni kasoro ambayo upande wa pili utaiona upesi kuliko wewe.

Shemeji yako wa Mombasa naye amesema kweli ya kwao. Kanuni za mwenendo wa madai za Kenya za mwaka 2010, Amri ya 50, zinaacha nje ya hesabu siku zote kati ya tarehe 21 Desemba na 13 Januari, zote mbili zikiwemo, isipokuwa kwa maombi ya zuio la muda au jaji akielekeza vinginevyo. Hata huko mawakili hubishana kama nafuu hiyo inagusa muda uliowekwa na sheria ya Bunge, mathalani siku 30 za rufaa, au ule uliowekwa na kanuni peke yake. Huku kwetu hatuna kanuni ya namna hiyo. Tunayo likizo ya Mahakama ya mwishoni mwa mwaka, ambayo majaji wengi hawasikilizi mashauri ya kawaida, lakini masijala zinabaki wazi na siku zako zinaendelea kuhesabika. Nimeona kila Februari watu wakija na sura za mshangao kwa sababu hiyo.

Kuhusu hesabu yako ya Pasaka, nakusifu kwa kuwa umeshika kanuni sahihi, ingawa umeiweka mahali pasipo pake. Muda ukiishia siku ambayo mahakama imefungwa, sheria inaruhusu shauri lifunguliwe siku mahakama itakapofunguliwa. Kama kweli siku yako ya mwisho ingekuwa Jumapili tarehe 5 Aprili 2026, basi Jumatatu ya Pasaka na siku ya Karume zingekusogeza hadi Jumatano. Lakini siku yako ni Alhamisi ya kawaida ya kazi. Hata siku ambayo kanuni hiyo inamfaa mtu, mimi nasita kuitegemea, kwa sababu siku hizi nyaraka zinawasilishwa kwa mfumo wa kielektroniki ambao haufungwi Jumapili, na sitaki mteja wangu awe wa kwanza kupimwa na hoja ya kwamba mlango wa mtandaoni ulikuwa wazi.

Huo mfumo nao una mtego wake. Kanuni za uwasilishaji wa nyaraka kwa njia ya kielektroniki za mwaka 2018 zilisema waraka uliotumwa kabla ya saa sita usiku unahesabika umewasilishwa siku hiyo. Watu wakafurahi, wakaanza kutuma saa tano na nusu za usiku wa siku ya mwisho. Wakasahau kwamba Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1992 kwamba tarehe ya kuwasilisha ni tarehe ya kulipa ada, siyo tarehe ya kukabidhi karatasi, na majaji wamekuwa na mitazamo tofauti juu ya jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja. Ukituma, ofisa wa masijala anapitia, ndipo unapopata namba ya malipo. Inaweza kuchukua saa chache au siku kadhaa, na waraka unaweza kurudishwa kwako kwa kasoro. Lipa siku hiyohiyo namba inapotoka na utunze stakabadhi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kukutaka umalize wiki moja kabla.

Niongeze hapa kitu kwa wasomaji wengine, kwa sababu si wote wanaokata rufaa. Wengi ndio kwanza wamepokea wito. Mdaiwa anatakiwa kuwasilisha utetezi wake wa maandishi ndani ya siku 21, na saa yake inaanzia siku aliyopelekewa wito, siyo siku kesi ilipofunguliwa wala tarehe iliyochapwa juu ya wito. Kwa marekebisho ya mwaka 2019, akiona hawahi, anaweza kuomba kuongezewa muda kabla siku 21 hazijaisha au ndani ya siku saba baada ya kuisha, na akiwa na sababu nzuri anaweza kupewa siku kumi. Mlango huo ni mwembamba sana ukilinganisha na wa rufaa, kwa hiyo andika tarehe ya kupokea kwenye nakala yako ya wito mbele ya aliyeuleta.

Tuseme sasa umepitwa. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo kinaiamuru mahakama itupe shauri lililoletwa nje ya muda, hata kama upande wa pili hakuweka pingamizi. Jaji anaweza kuliibua mwenyewe, na huliibua. Njia iliyobaki ni kifungu cha 14, kinachoruhusu mahakama kuongeza muda wa rufaa au maombi kwa sababu ya kutosha. Unaomba kwa maombi yanayoambatana na hati ya kiapo, kabla ya kuleta rufaa, wala siyo kwa kuiingiza rufaa kimyakimya na kuomba huruma baadaye. Vigezo vinavyotajwa kila siku ni vya shauri la Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA la mwaka 2010: mwombaji aeleze muda wote aliochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe alikuwa makini na siyo mzembe, na mahakama inaweza kuzingatia sababu nyingine nzito kama uharamu ulio dhahiri ndani ya uamuzi wenyewe. Kueleza muda wote maana yake ni kila siku, moja baada ya nyingine. Msiba wako unaweza kueleza wiki ya katikati ya Desemba ukiwa na ushahidi wake. Hauwezi kueleza sikukuu, na "sikujua sheria" haijawahi kukubalika. Ndiyo maana nakuhimiza usifike huko ilhali bado una siku mkononi.

Kutokana na ulichoniandikia, nadhani huna wakili. Hesabu ya siku unaweza kuifanya mwenyewe, lakini sababu za rufaa sikushauri. Tafuta wakili wiki hii, mpelekee hukumu, dikrii, barua yenye muhuri na stakabadhi zote, na jambo la kwanza umwambie tarehe 5 Machi, kisha umsikilize kama ana sababu ya kuisogeza nyuma. Mwulize pia kama namba za vifungu nilizotaja zimebaki zilezile, kwa kuwa Toleo la Marejeo la Sheria la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadilisha baadhi ya namba. Kama fedha ndiyo kikwazo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua taasisi zinazosaidia bila malipo, na kwa mwanamke aliye katika hali yako Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, ni mahali pazuri pa kubisha hodi. Msaidizi wa kisheria wa kata atakuelekeza na kukupangia karatasi, ila haruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba yako. Na ikitokea kwamba ulipoangalia muhuri wa barua yako umekuta tarehe nyingine, au barua iliomba hukumu peke yake bila kutaja dikrii, usisubiri jibu langu la pili. Nenda kwa wakili kesho asubuhi na nyaraka zako zote, kwa sababu hapo hesabu yote niliyokufanyia inabadilika.